Siku Bendi Iliposhuka Machimboni

Kule machimboni meneja ana gari, ana redio ya mkononi, ana kalamu ya kuajiri na kufukuza. Lakini akisema "ondokeni hapo", watu humalizia kwanza jiwe walilolianza. Mama Chuma hasemi. Yeye hugonga tu, na wanaume wenye vifua kama milango hutimua mbio kama vifaranga walioona mwewe.

Chuma chenyewe ni kipande cha reli kuukuu, kilichoning'inizwa kwa mnyororo kwenye mlingoti karibu na kibanda cha zana. Mapigo mawili ya polepole, matatu ya haraka, tena na tena: baruti imewashwa, jifiche. Kisha jabali linapasuka, vumbi linapanda, mawe yananyesha, halafu kimya. Hapo hutokeza fundi baruti, jamaa mrefu aliyebandikwa jina la Moshi, akakagua kama kila tundu la baruti limelipuka. Akiridhika, anapunga kitambaa chekundu juu ya kichwa. Ndipo Mama Chuma anapopiga pigo moja refu la salama. Moshi asipopunga, chuma hakilii. Chuma kisipolia, hakuna anayetoa hata pua. Sheria hiyo imewaingia watu mwilini kuliko majina yao wenyewe. Yuko mvunja kokoto mmoja aliyeruka kitandani akajitupa uvunguni kwa sababu jirani alikuwa anagongagonga sufuria. Mkewe anamcheka hadi leo.

Hapo zamani hakukuwa na chuma. Msimamizi alipuliza filimbi, na aliyesikia alisikia. Siku moja upepo uliichukua ile filimbi ukaipeleka upande mmoja wa shimo, na mume wa Mama Chuma alikuwa upande wa pili. Jiwe lilimshukia mguuni. Wakampakia kwenye toroli, lile lile la kubebea kokoto, wakamsukuma hadi barabara kuu, na pale wakasimama kuomba gari la mwenye huruma. Walisubiri hadi kivuli kikahama. Madaktari waliuokoa mguu, ila kifundo kiligoma kukunjika mpaka leo. Kesho yake asubuhi mkewe, aliyekuwa mvunja kokoto kama wenzake, aliikokota ile reli kutoka kwenye lundo la vyuma chakavu, akaining'iniza, akaigonga mara moja, akamwambia msimamizi: "Filimbi yako kawapulizie watoto." Tangu hapo yeye ndiye Mama Chuma, na mumewe, ambaye sasa huchonga mipini ya nyundo, ndiye Baba Mpini.

Hebu fikiri. Mawe ya shimo lile ndiyo yaliyojenga hospitali ya mjini, kuta zake na ngazi zake. Wanaoyavunja hufikishwa kwenye ngazi hizo kwa toroli, kama mzigo. Kampuni iliombwa gari la wagonjwa ikasema italitazama jambo hilo. Imelitazama miaka nenda miaka rudi, na macho hayajachoka. Ndiyo maana akina mama wavunja kokoto walisema basi, tutanunua wenyewe pikipiki ya matairi matatu, ile yenye kitanda nyuma na kipaa cha kuzuia jua. Walichanga. Mchango wa wavunja kokoto unakwenda kama kobe: unafika, lakini si leo.

Hapo ndipo alipoingia binti wa kaka yake Mama Chuma, mpiga dramu wa bendi moja ya mjini.

"Shangazi, sisi tutapiga bure," alisema. "Kila atakayeingia atoe alicho nacho. Shida ni ukumbi. Wa mjini wanataka walipwe kabla hata hatujafunga nyaya. Shule nayo imesema kelele zetu zitavunja vioo."

Mama Chuma alikuwa anakoroga chai. Alikoroga mpaka sukari ikachoka.

"Kwani shimo letu lina ubaya gani?" akauliza.

Baba Mpini alicheka mpaka mkongojo ukamdondoka. "Mke wangu, watu waje na viatu vyao vyeupe washuke shimoni? Shimoni hushukwa mara moja tu, tena umebebwa."

"Wewe umewahi kuimba mle?"

"Nimewahi kulia mle."

"Na si ulisikika hadi juu? Basi."

Kweli ilikuwa kweli. Shimo lile limekatwa ngazi ngazi, kuta zake zimepanda pande tatu kama viganja vilivyokingwa. Ukikohoa chini, aliye juu anakupa pole. Binti yule aliposhuka kulitazama alipiga makofi mara moja, akasikiliza, akapiga tena, kisha akashika kichwa kwa furaha. Macho yake yakaiona reli.

"Shangazi, hiki kinaliaje? Nipe nikitumie, hata wimbo mmoja tu."

"Hiki si ngoma," Mama Chuma alimjibu, na utani ukamtoka usoni. "Siku kikichezewa, kesho yake nitagonga watu waseme ni muziki. Usikiguse, mwanangu. Hata kwa kidole."

Binti akainua mikono juu kama aliyekamatwa. Hakukigusa, ng'o.

Iliyobaki ilikuwa ruhusa ya meneja. Alikuwa kijana mwenye mashati ya rangi ya maziwa, aliyepita machimboni akikanyaga kwa vidole. Alimsikiliza Mama Chuma akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi, asije akaombwa kiti.

"Siku ya mapumziko, hakuna baruti, sawa," alisema. "Jenereta yangu, ufunguo nashika mimi. Lakini nakwambia mapema, nikiona vurugu yoyote, watu wanakimbizana, watu wanaanguka, nazima. Na hakutakuwa na tamasha jingine hapa. Na kwa kuwa wewe ndiye unayejitia kiongozi, ikitokea hivyo kile chuma atakipiga mtu mwingine. Tunaelewana?"

"Tunaelewana."

"Sikusikia vizuri."

"Ndiyo maana wengine wetu tunagonga," alisema Mama Chuma, akaenda zake. Lakini njiani aligeuka kukitazama chuma chake. Kuachishwa kuvunja mawe angevumilia, mawe hayaishi duniani. Kumwachia mtu mwingine chuma kile ilikuwa sawa na kumwachia mtu mwingine watoto wake wavuke barabara.

Siku yenyewe jua lilitoka kana kwamba nalo limealikwa. Trela la lori liliegeshwa chini ya ukuta mrefu kuliko yote likawa jukwaa. Akina mama walimwagia maji ardhi ili vumbi litulie. Spika zilipandishwa juu ya matofali, nyaya zikafunikwa kwa magunia. Langoni ziliwekwa karai mbili za zege za kupokelea mchango, zimesuguliwa zikang'aa kama zinaozwa siku ile.

Na watu wakaja. Mama Chuma alidhani watakuja wachache wa kuhurumia. Walikuja kama siafu. Walikuja mafundi cherehani, madereva, wauguzi waliotoka zamu, wanafunzi wa chuo wakiwa wamebeba viatu mikononi, bibi mmoja aliyeletwa kwa kiti akasema anataka kuona pale lilipotoka jiwe la msingi wa nyumba yake. Walipofika ukingoni walisita, wakachungulia chini, wakaona zile ngazi za mawe na trela lenye vitambaa vya rangi, wakaanza kushuka wakishikana mikono na kucheka. Waliishi karibu na shimo lile maisha yao yote, na hakuna aliyewahi kulitazama ila kwa kulalamikia vumbi lake. Sasa walikuwa wanaligusa. Wanaipapasa mistari ya mtalimbo kwenye kuta, wanauliza nani alikata huku, na wachimbaji, waliooga mpaka hawajuani, wanajibu kwa sauti nzito kana kwamba walilichonga kwa mapambo: "Huku nilikata mimi."

"Umeona?" Baba Mpini alimnong'oneza mkewe. "Shimoni kumekuwa ikulu."

"Nyamaza. Unanitia hofu."

Maana yeye hakukaa. Alisimama kando ya mlingoti wake, nyundo mkononi, akilinda chuma kisiguswe na mlevi wala mtoto. Kwa jicho moja alitazama jukwaa. Kwa jingine alimtazama meneja, aliyesimama karibu na jenereta, nyuma ya tipa, shati lake la maziwa limepigwa pasi hadi linakata.

Bendi ilipoanza, kila mtu aliuweka mkono kifuani kuhakikisha ni moyo wake unaodunda au ni wa jirani. Gitaa lilipiga, ukuta ukalijibu. Mwimbaji alitupa neno, pande tatu za shimo zikamrudishia mara tatu. Mwenyewe alishtuka, akacheka katikati ya ubeti, na kicheko nacho kikarudi. Watu walisimama. Wauguzi walicheza na madereva wa tipa. Bibi wa kiti alicheza kwa mabega. Mama Chuma alijikaza kisabuni, lakini mguu wake mmoja ulishamwasi, unapiga mdundo peke yake chini ya gauni. Akahisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi mle ndani: kwamba pale mahali ni pazuri, na kwamba ni pao.

Baada ya nyimbo kadhaa binti yule alitoka nyuma ya dramu zake akashika kipaza sauti. Jasho lilimtiririka, meno yote nje.

"Wimbo huu ni mpya. Hamjausikia popote. Nimemtungia shangazi yangu, yule pale aliyesimama na nyundo kama askari. Shangazi, ulinikataza kugusa chuma chako. Sijakigusa. Nimekuja na changu."

Watu wakacheka. Akafunua gunia. Nyuma yake, kwenye fremu ya mabomba, ilikuwa imening'inizwa ringi ya gurudumu la lori. Mama Chuma alitabasamu, akaanza kupunga mkono. Mkono ulikuwa bado hewani binti alipogonga.

Mawili polepole. Matatu haraka.

Spika zikalichukua pigo lile zikalikuza. Kuta zikalishika zikalirusha huku na huku. Mawili polepole, matatu haraka, kutoka kila upande, kama vyuma kumi.

Hakuna aliyefikiri. Ungefumba jicho na kulifumbua, machimbo yamewameza wachimbaji wake wote. Waliowashika wauguzi kiunoni waliwaachia hewani. Waliingia chini ya vipaa vya mawe, nyuma ya majabali, ndani ya pipa la kuchanganyia zege. Baba Mpini, ambaye kwa kawaida huhitaji mkongojo kufika chooni, aliruka lundo la kokoto akatua upande wa pili kama swala. Kila mmoja alikwenda mahali pake pale pale pa kila siku, na hakuna aliyemgonga mwenzake.

Uwanja ulibaki na wageni. Walitazamana. Kisha fundi cherehani mmoja, mama wa kimo na upana, akaona kwamba wenyeji wote wamelala, akadhani ndio uchezaji wa wimbo huu. Akakusanya gauni lake la satini, akalala chini, mikono kichwani. "Chini, jamani, chini," alihimiza kwa raha. Wanafunzi wakalala. Madereva wakalala. Bibi wa kiti alifunika kichwa kwa mkoba.

Na Mama Chuma? Alijikuta amekumbatia mlingoti, macho ameyafumba, anasubiri mlipuko. Yeye, mwenye chuma, aliyesimama hatua moja kutoka kwenye chuma, aliyejua kwamba hakukigonga. Alifumbua macho akaiona reli imetulia tuli.

Watu wamekimbizana. Watu wameanguka. Maneno ya meneja yalimjia neno kwa neno. Alitazama kwenye jenereta. Meneja hakuwepo pale.

Jukwaani binti alikuwa ameacha kupiga, fimbo zimemganda mikononi. "Shangazi," alisema, na kipaza sauti kikaisambaza ile sauti ndogo shimo zima. "Nimefanya nini?"

Mama Chuma aliinua nyundo apige pigo refu la salama, mambo yaishe. Mkono ukakataa. Moshi hajapunga. Akigonga leo bila Moshi kupunga, kesho watu watajua kwamba chuma kinaweza kulia bila kukaguliwa, na keshokutwa mtu atatoka kabla ya tundu la mwisho kulipuka. Huku meneja yuko mahali fulani na ufunguo. Kila dakika ya kimya kile ilikuwa inamla yeye. Akashusha nyundo.

"Moshi," aliita. "Moshi yuko wapi?"

"Niko huku," ilijibu sauti kutoka chini ya trela.

Akainama kuchungulia. Fundi baruti alikuwa amejikunja kati ya magurudumu, magoti masikioni.

"Toka."

"Sitoki. Sijui nani kawasha."

"Nani awashe nini, Moshi? Ufunguo wa ghala la baruti uko wapi?"

Moshi alijipapasa. "Shingoni mwangu."

"Na leo umelifungua?"

"Sijalifungua."

"Sasa?"

"Sasa mimi najua," alisema Moshi kwa unyonge. "Mwili haukuniuliza."

Kutoka ndani ya pipa la zege mtu alianza kucheka, na pipa likakikuza kicheko kikawa cha jitu. Lakini hakutoka. Hakuna aliyetoka. Mama Chuma alimvuta Moshi kwa ukosi.

"Panda jukwaani ukapunge."

"Leo ni mapumziko, dada. Kitambaa nimekiacha nyumbani."

Mwimbaji wa bendi alifungua skafu yake nyekundu bila neno akamrushia. Moshi akapanda, akajifuta vumbi, na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kufanya kazi ile, alikagua. Aliangalia ukuta wa kulia, wa kushoto, wa katikati, polepole, tundu kwa tundu, huku mamia ya watu wakimsubiri kifudifudi. Kisha akainua skafu akapunga.

Mama Chuma akagonga. Pigo moja, refu.

Wakatoka. Walitoka wakitazamana, weupe kwa vumbi, na kicheko kikaanza kwenye vipaa vya juu kikateremka ngazi kwa ngazi mpaka kikafika kwa wageni. Nao walipoelezwa wamelalia nini, walicheka wakarudi chini tena, safari hii kwa kukosa nguvu. Fundi cherehani alisema satini yake imekufa lakini imekufa kifalme.

Ndipo tipa likatikisika kidogo, na kutoka uvunguni mwake akatambaa meneja. Grisi ilikuwa imempiga mstari kutoka bega hadi mkanda. Kicheko kikakatika. Alisimama, akajikung'uta, akaenda moja kwa moja hadi kwa Mama Chuma. Ufunguo wa jenereta alikuwa ameukamata kiganjani.

"Nilisema vurugu," alisema.

"Ulisema."

"Hii ni nini?"

Binti alikuwa ameshashuka jukwaani. "Kosa ni langu. Nilipokuja kutazama mahali nililisikia lile pigo nikiwa barabarani, narudi. Nikalirekodi kwenye simu. Nilitaka kumfurahisha shangazi."

"Sijakuuliza wewe."

Mama Chuma aligeuza nyundo, akamwelekezea meneja mpini.

"Pita humu shimoni," alisema. "Mtafute aliyekanyagwa. Mtafute aliyeteguka kidole, mtoto aliyesukumwa, mzee aliyeangushwa. Ukimpata mmoja, nyundo hii chukua, na chuma mpe unayemtaka. Usipompata, basi ulichokiona si vurugu, ni kazi yangu."

Meneja aliipokea nyundo. Wengi walifumba macho. Aliuzungusha uso wake taratibu, kwa wauguzi, kwa bibi aliyekuwa anatengeneza mkoba wake, kwa wachimbaji waliosimama wameshikilia pumzi. Baba Mpini alijitazama mguu mbovu, akaukunja, akagundua kwamba umekunjika kidogo, akashangaa peke yake. Mwishowe meneja alijitazama shati.

"Mimi niko hapa mwaka wa pili," alisema kwa sauti ya chini, kama anajiambia mwenyewe. "Sikujua kwamba nami chuma kimeniingia. Nilikuwa chini ya tipa kabla sijajua nimetoka."

"Kimekuingia," alisema Mama Chuma. "Hiyo ndiyo maana yake."

Meneja akamrudishia nyundo. "Wimbo ule usirudiwe."

"Haurudiwi kamwe," alisema Mama Chuma, akamgeukia binti wa kaka yake. Alimshika mashavu kwa viganja vyake vigumu. "Umenifurahisha, na roho umenitoa. Sasa sikiliza. Maneno ya wimbo wako yabaki, pigo tupa. Nitakupa jingine."

Akawaita akina mama wenzake. Walikaa juu ya majabali yao ya kila siku, magauni ya sikukuu yamekunjwa magotini, wakashika nyundo zao ndogo, wakaanza kuvunja kokoto. Si kwa mchezo, kuvunja kweli. Kila mmoja ana mwendo wake, mmoja mzito, mwingine mwepesi, mwingine anachelewa makusudi ili asimpige jirani kidole, na zikikutana zote hutokea mdundo ambao wao hawajawahi kuuita muziki kwa sababu walikuwa kazini. Binti alisikiliza ameinamisha kichwa. Akarudi kwenye dramu akaingia katikati yao kwa uangalifu, kama mtu anayeingia kwenye kamba inayorukwa. Besi likamfuata. Gitaa likafuata. Mwimbaji akaimba habari za mwanamke aliyekokota reli akaining'iniza ili watu warudi nyumbani wote. Safari hii ngoma ilipopamba moto, hakuna aliyelala. Hata Moshi alicheza, skafu nyekundu ameisokomeza mfukoni ili isije ikapepea kwa bahati mbaya.

Karai za langoni zilijaa, ikabidi waazime ndoo. Mama Chuma hakwenda kutazama. Alikuwa kazini kwenye jiwe lake la zamani, nyundo inaruka, machozi na jasho vimechanganyika na hajali kipi ni kipi.

Meneja alikuja akachuchumaa kando yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hiyo pikipiki ya kitanda," alisema akipaza sauti juu ya mdundo, "mkiinunua mtaiegesha wapi? Ikikaa juani kile kitanda kitamchoma mgonjwa."

Mama Chuma hakuacha kugonga. "Kivuli humu ndani kipo kimoja tu," alisema. "Pale ofisini, unapoegesha gari lako."

Meneja alitazama kokoto zikiruka. Aliinua mabega, akayashusha, akacheka.

"Gari langu halina homa," alisema. "Litakaa juani."

Mama Chuma aligeuka nyuma kabla meneja hajamaliza kusimama. "Baba Mpini," aliita, "acha kuchezesha huo mguu uje hapa. Chukua mkongojo wako ukapime kile kivuli cha ofisini, upana na urefu, sasa hivi, bosi akiwa bado anacheka."